Maandishi yanayofutika kwenye hosi: kabla hamjanunua leza

Swali limetoka kwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha bidhaa za mpira jijini Dar es Salaam:

"Shikamoo mhandisi. Kiwandani kwetu tunatengeneza hosi za maji na za mafuta, bushi za magari na oringi, zile pete za mpira za kuzibia. Hosi tunazichapa kwa wino mweupe zikishaiva, yaani zikishapikwa kwa joto, kwa mashine ya kurusha wino. Siku ya kuchapa maandishi yanang'aa. Wiki moja baadaye ukipitisha kidole yanatoka kama unga. Mwezi uliopita mteja alirudisha hosi za mafuta zilizopasuka. Maandishi yalikuwa yamefutika, hatukujua ni za bechi ipi, ikabidi turudishe kiwandani mzigo wa mwezi mzima. Bosi anataka tununue mashine ya leza. Je, leza ndiyo dawa? Na bushi na oringi, ambazo hatujawahi kuziandika chochote, tuziwekeje alama?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mzigo uliorudi. Naijua siku ya namna hiyo. Mteja amesimama mlangoni na kipande cha hosi mkononi, bosi anauliza ni bechi ipi, na wewe unakigeuza kile kipande huku na huku ukitafuta herufi ulizoziona kwa macho yako zikichapwa.

Jibu la kumpelekea bosi ni hili: kwa hosi, leza msinunue. Kwa bushi inaweza kufaa, ingawa ipo njia ya gharama ndogo nitakayoieleza. Kwa oringi isiguse kabisa. Wala sidhani kwamba mashine mliyonayo ina kosa. Ugonjwa wote umo katika maneno yako mwenyewe: siku ya kuchapa yanang'aa, wiki moja baadaye yanatoka kama unga. Wino usiopatana na mpira hukataa siku ile ile. Wino ulioshika Jumatatu hii ukaachia Jumatatu ijayo umesukumwa na kitu kilichofika baada yake, na kitu hicho kimetoka ndani ya mpira.

Mpira hutoa jasho. Nenda chumba cha kuchanganyia uangalie karatasi ya mchanganyiko wa hosi zenu. Nadhani utakuta nta na dawa ya kuzuia ozoni, kila moja pengine gramu 1 hadi 3 kwa kila gramu 100 za mpira. Vitu hivi viwili vimewekwa makusudi ili vitoke nje. Ozoni iliyomo hewani hukata minyororo ya molekuli za mpira, hasa mpira wa asili, pale ulipovutwa au kukunjwa, na nyufa zake hujipanga kukatiza mvuto. Nta huja juu polepole ikatanda kama ngozi ya pili ili ozoni isifike. Dawa nayo hupanda juu ikamalizana na ozoni kabla haijaugusa mpira. Ile rangi ya kahawia unayoiona ubavuni mwa tairi lililokaa muda mrefu juani ni dawa hiyo hiyo iliyokwisha kutoka. Asidi ya steariki ikizidi nayo hutoka, na salfa ikizidi hutoka pia, unaiona kama vumbi jeupe-njano.

Sasa fikiria mnachofanya. Hosi imeiva, imepoa, imekaa stoo siku mbili tatu ikisubiri zamu ya kuchapa. Nta imeshaanza kutanda. Mnachapa juu ya nta. Kiyeyushi cha wino kinapenya kidogo, herufi inakauka, inapendeza. Kisha nta nyingine inaendelea kuja kutoka chini, nayo haijui kwamba juu kuna herufi. Inatanda kati ya wino na mpira. Wiki ikiisha, herufi zenu zinaelea juu ya nta kama majani juu ya bwawa, na kidole cha kwanza kinazichukua.

Kuna washukiwa wengine wawili, na ni haki tuwapime kabla ya kuhukumu. Wa kwanza ni kilainishi mnachopaka kwenye ile fimbo ya ndani ili hosi ichomoke. Kama ni cha silikoni, tone moja likigusa ngozi ya nje ya hosi kwa glavu ya fundi linatosha kukataza wino. Wa pili ni unga wa talki au steareti ya zinki mnaopaka ili mpira mbichi usigandane. Wino juu ya unga unaushika unga, hauushiki mpira.

Namna ya kuwatofautisha ni rahisi. Chukua kipande cha hosi ya jana, kifute vizuri kwa kitambaa safi na spiriti, kisha dondoshea tone la maji. Tone likitandaa kidogo, ngozi iko tayari kupokea wino. Likisimama duara kama shanga, bado kuna mafuta. Kiache kipande hicho siku saba bila kukigusa, kirudie. Kama tone lililotandaa siku ya kwanza sasa limesimama kama shanga, ni jasho la nta, limerudi lenyewe. Kama bado linatandaa, nta si tatizo, na adui wako alikuwa uchafu wa nje uliokwisha kuufuta. Silikoni hairudi yenyewe. Hurudishwa na mikono ya watu.

Sitaki uniamini kwa maneno tu. Wiki ijayo chukua hosi moja, mchanganyiko mmoja, fimbo moja, uichape mara nne. Sehemu ya kwanza ichapwe ikiwa mbichi, kabla ya kupikwa. Ya pili ndani ya saa moja baada ya kutoka kwenye tanuri la mvuke, ingali na uvuguvugu. Ya tatu siku ya tatu, baada ya kufuta kwa spiriti. Ya nne siku ya tatu bila kufuta, kama mnavyofanya leo. Zitundike mahali pamoja siku kumi. Kisha bandika selotepu juu ya kila moja, ikandamize kwa ukucha, ing'oe kwa mkupuo. Halafu sugua mara ishirini kwa kitambaa kilicholowa mafuta yale yale yatakayopita ndani ya hosi hiyo, maana mafuta hayatabaki ndani peke yake, yatamwagika juu pia siku fundi anafunga.

Mimi nimefanya jaribio hili katika viwanda zaidi ya kimoja, na karibu kila mara sehemu ya kwanza ilishinda kwa mbali, ya pili ikafuata. Mpira mbichi bado haujafunga minyororo yake. Wino uliotengenezwa kwa kazi hiyo huingia kwenye ngozi, na mpira unapopikwa, vyote viwili vinaiva pamoja. Herufi inakuwa sehemu ya hosi. Nta ikija baadaye hupita juu yake na kuifunika, unaifuta kwa kidole na herufi bado ipo chini. Basi jambo la kuamua kwenu kwanza ni saa ya kuandika. Chombo cha kuandikia kitafuata saa hiyo.

Hapa kuna kikwazo, na najua utaniuliza. Hosi zenu, kama ni za kuzungushia kitambaa cha nailoni kabla ya kuingia kwenye mvuke, wino uliorushwa juu ya mpira mbichi utafutwa na kitambaa, au utahamia kwake. Kwa hosi za namna hiyo kuna utepe mwembamba wa kuhamishia maandishi. Herufi zimechapwa juu yake kinyumenyume, kwa wino unaoiva. Fundi anaulaza utepe juu ya hosi mbichi, herufi zikiwa chini, kisha anazungusha kitambaa kama kawaida. Mvuke wa karibu nyuzi 150 na mbano wa kitambaa hufanya kazi yote. Baada ya kuiva mnafungua kitambaa, mnabandua utepe, maandishi yamebaki ndani ya ngozi. Ni njia ya zamani na naipenda kwa sababu haihitaji umeme wala nozeli ya kurushia wino. Udhaifu wake ni kwamba utepe umechapwa kabla, hivyo namba ya bechi inayobadilika kila siku haiwezi kuwemo humo. Utepe ubebe vitu visivyobadilika: jina la kiwanda, aina ya hosi, kipenyo, shinikizo la kazi. Tarehe na bechi ziongezwe kwa mashine ya wino mara hosi inapotoka kwenye kitambaa, ingali ya moto. Mkiwa na mkono wa kufuta kwa spiriti mbele ya kichwa cha mashine, afadhali zaidi.

Kwa hosi za maji, kama zinatoka kwenye mashine ya kusukuma na kupita moja kwa moja kwenye tanuri la hewa ya moto bila kitambaa, mambo ni mepesi. Sogezeni kichwa cha kuchapia kiwe kati ya mashine ya kusukuma na tanuri, kabla unga wa talki haujapakwa. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa fundi mitambo wenu.

Nizungumzie kidogo mashine yenyewe, kwa sababu Dar es Salaam inaitesa kuliko walioitengeneza walivyofikiri. Mashine hii hurusha makumi ya maelfu ya matone kila sekunde. Tone linalohitajika hupewa chaji ya umeme, likapindishwa na vibamba viwili na kutua kwenye hosi. Lisilohitajika hunyooka, likaingia kwenye mfereji na kurudi tangini kutumika tena. Maana yake wino wenu unazunguka hewani siku nzima kabla ya kutumika. Kiyeyushi chake kwa kawaida ni methili ethili ketoni, na kinapokauka hupoza hewa inayokizunguka. Hewa yetu ya pwani, hasa Machi hadi Mei, imejaa unyevu. Unyevu ule huganda juu ya tone lililopoa na kurudi nalo tangini. Baada ya wiki kadhaa tangi lina maji ndani yake, herufi zinapauka, wino haushiki, na fundi analaumu mpira. Wekeni mashine kwenye chumba chenye kiyoyozi kama inawezekana. Kama haiwezekani, badilisheni wino wa tangi kwa ratiba msimu wa masika badala ya kusubiri uharibike.

Wino mweupe una shida yake nyingine. Weupe wake unatokana na dioksidi ya titani, unga mzito kama mara nne ya maji. Mashine ikilala Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi, unga huo umeshakaa chini. Mtu akiiwasha na kuanza kazi papo hapo, mita mia za kwanza zina herufi hafifu. Iacheni izungushe wino kwanza. Na umeme ukikatika ghafla mashine haipati nafasi ya kujisafisha, wino unakaukia kwenye nozeli yenye tundu jembamba kama unywele. Hata kifaa kidogo cha UPS, yaani betri ya akiba, kinachoipa dakika kumi za kujifunga vizuri kitawaokolea nozeli nyingi. Kati ya matumizi yote niliyoyataja, hili ndilo ningelipigania kwanza mbele ya bosi.

Kiyeyushi hicho mvuke wake hushika moto hata katika baridi ya chini ya nyuzi 0, sembuse joto letu. Na hosi inayoteleza kwenye roli hujikusanyia umeme tuli. Unganisheni mashine na roli ardhini kwa waya, pitisheni hewa, na asivute mtu sigara karibu. Hili silitaji kwa desturi. Nimeona nyusi za kijana zikiungua.

Rangi je? Kwenye mpira wenye dawa ya ozoni ya aina inayotia madoa, weupe hugeuka kahawia taratibu. Njano huficha doa hilo na inasomeka vizuri juu ya mweusi. Ningechagua njano.

Turudi kwa leza. Leza haina wino wala nozeli, na kwenye chuma au plastiki nyingi ni chombo kizuri mno. Kwenye mpira mweusi inafanya nini? Inachoma safu nyembamba ya juu. Masizi yaliyomo kwenye mpira hunywa mwanga vizuri, hivyo kuchoma kunaenda haraka, lakini kinachobaki ni mchoro wa kijivu-cheusi juu ya cheusi. Ukiinamisha kipande kwenye mwanga unausoma. Fundi aliyelala chini ya lori na tochi mdomoni hausomi. Kisha mchoro ni mfereji. Kwenye hosi inayokunjwa kila siku, ngozi ya nje ni nyembamba na kazi yake ni kulinda uzi wa ndani. Mimi siwezi kukubali kuichana ngozi hiyo ili kuandika jina.

Lakini kuna sababu nzito kuliko hizo. Hosi za mafuta mara nyingi hufunikwa kwa mpira wa kloroprini, ambao wengi tunauita neoprini, kwa sababu unavumilia mafuta na jua. Ndani yake mna klorini. Ukiuchoma kwa leza, moshi wake una kloridi ya hidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa au wa mapafu inakuwa asidi. Itakula lenzi na reli za mashine mpya ya bosi, na itamla kijana anayeiendesha. Oringi za vitoni, aina nyingine ya mpira, ni mbaya zaidi, kwa sababu zina florini, na moshi wake una floridi ya hidrojeni. Muuzaji akija kuwaonyesha mashine, atachoma kipande cha mpira alichokuja nacho mwenyewe. Mpeni kipande chenu, mwambieni ni kloroprini, mwombeni aeleze kwa maandishi chujio la moshi wake linafanya nini na asidi hiyo. Mazungumzo yatakuwa mafupi.

Bushi ni kazi nyepesi, na nafurahi umeiuliza. Bushi hutoka kwenye kalibu, chuma chenye mashimo ambamo mpira hupikwa ukapata umbo, na kalibu yenyewe ni kalamu. Herufi ikichongwa kwenye chuma cha kalibu kwa kina cha nusu milimita hivi, kila bushi itazaliwa nayo imeinuka, haifutiki na nta wala mafuta wala miaka kumi. Mchongaji akumbuke kuchonga kinyume. Jina la kiwanda na namba ya bidhaa zichongwe moja kwa moja. Kwa tarehe, tobolewe tundu dogo la kupokea kipande cha chuma cha kuchomeka, chenye mduara wa miezi na mshale unaozungushwa kwa bisibisi, na mwaka katikati. Kila mwanzo wa mwezi msimamizi anageuza mshale. Alama ikae ubavuni, mbali na sehemu inayobeba mzigo au kugusana na chuma, maana herufi iliyoinuka mahali pa mkandamizo ni mwanzo wa ufa.

Na hapa nakusihi: chongeni namba ya kila shimo la kalibu. Kama kalibu inatoa bushi 16 kwa mkupuo, kila shimo liwe na namba yake, 1 hadi 16. Watu huiona kama pambo. Miaka mingi iliyopita, katika kiwanda nilichofanyia kazi, bushi zilikuwa zinarudi zimelainika na kupasuka, chache tu, lakini kila wiki. Tulibadilisha mchanganyiko, tukapima salfa, tukagombana na mwuza mpira. Siku moja binti wa maabara, aliyekuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, alizimwaga bushi zote zilizorudi juu ya meza akaanza kuzipanga kwa namba za shimo. Karibu zote zilikuwa namba 11. Tulipopima joto, tukakuta shimo hilo, lililokuwa ukingoni, lilikuwa baridi kuliko wenzake kwa sababu kipasha joto kimoja kilikuwa kimekufa. Bushi zake hazikuwa zikiiva. Tulikuwa tumeteseka miezi mitatu, yeye alitumia asubuhi moja, na alichotumia ni tarakimu mbili zilizochongwa kwenye chuma.

Kama bushi zenu zina bomba la chuma katikati, bechi inaweza kuandikwa kwenye chuma hicho, na hapo ndipo leza inafaa. Mwulizeni bosi kama hilo tu linalipa gharama yake. Mara nyingi kipande cha kuchomeka kinatosha.

Oringi msiziandike. Ngozi yote ya oringi ni mahali pa kuziba. Herufi ya wino au ya kuchomwa, hata iwe nyembamba vipi, ni njia ya kuvujia. Alama ya oringi ni mfuko wake: mfuko mmoja, bechi moja, lebo iliyochapwa juu ya mfuko na nyingine ndani, ili ya nje ikichanika ya ndani ibaki. Mfuko ukishafunguliwa usirudishiwe oringi zilizomwagika chini, zitupwe. Hili ni gumu kwa watu wanaobana matumizi, lakini zote ni nyeusi na zote zinafanana. Oringi ya mpira wa nitraili inakaa vizuri kwenye mafuta ya injini na kuvimba kwenye mafuta ya breki. Ya mpira wa EPDM ni kinyume chake. Fundi aliyechanganya mifuko miwili amempa mtu breki itakayovimba njiani. Viwanda vingine hutia kitone cha rangi kwenye oringi kubwa, pale mnunuzi alipokubali na mahali alipopachagua mwenyewe. Kwa zenu ndogo, mfuko unatosha.

Sasa, alama iseme nini? Mzigo wa mwezi mzima ulirudi kwa sababu hata kama maandishi yangesomeka, nashuku yangeeleza mwezi tu. Alama inafaa kumrudisha mtu hadi kwenye mashine, zamu na mchanganyiko. Kiwango cha Ulaya cha hosi za haidroliki zenye waya, EN 853, kinataka hosi iandikwe jina la mtengenezaji, namba ya kiwango, aina, kipenyo cha ndani, na robo ya mwaka pamoja na mwaka. Hicho ni kiasi cha chini kwa faida ya mnunuzi. Kwa faida yenu ongezeni namba fupi ya bechi. Mfano 2614-B2-07: wiki ya 14 ya mwaka 2026, zamu B, mashine ya 2, mchanganyiko wa saba wa wiki hiyo. Msitumie herufi O wala I, zitasomwa sifuri na moja. Namba 07 hiyo iwe ndiyo ile ile iliyo kwenye kadi ya chumba cha kuchanganyia, yenye uzito wa kila kiungo, saa, na jina la aliyepima. Mpira ukikatwa shuka na kupangwa, kadi iende nao, na mstari wa rangi upigwe kando ya shuka ili mchanganyiko wa hosi za maji usiingie kwenye hosi za mafuta usiku zamu ya uchovu. Bila kadi, namba nzuri kabisa kwenye hosi haielekezi popote.

Jambo ambalo viwanda vyetu husahau ni umbali kati ya alama na alama. Nenda Kariakoo usimame kwenye duka la hosi nusu saa. Hakuna anayenunua roli. Mteja anataka sentimita 40, muuzaji anakata. Mkiandika kila baada ya mita tatu, vipande vingi vinaondoka bubu, na hicho kilichopasuka kitakuja kwenu bubu vile vile. Andikeni mfululizo, mwisho wa maandishi ukifuatwa na mwanzo wake, au angalau kila sentimita 30. Kwa hili mashine inategemea gurudumu linalopima mwendo wa hosi. Gurudumu hilo likikanyaga unga wa talki huteleza, na herufi zinabanana. Lipanguseni kila zamu.

Ukitaka kuona haya yote kwa pamoja, toka nje utazame tairi la gari lolote, ikiwezekana jipya dukani. Herufi zilizoinuka ubavuni zimetoka kwenye kalibu. Tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT, kwa mfano 3523, ni wiki ya 35 ya mwaka 2023, nazo zimetoka kwenye kipande cha kuchomeka kinachobadilishwa kila wiki. Ile mistari ya rangi inayozunguka uso wa tairi jipya ilipigwa kwenye mpira mbichi ili mjenzi wa tairi achukue uso sahihi, na ikiisha kazi huliwa na lami. Kitone cha njano ni sehemu nyepesi ya tairi, hulinganishwa na valvu. Na karibu na ukingo wa rimu mara nyingi utakuta kilebo cha msimbo pau kilichobandikwa tairi likiwa bichi kikapikwa nalo. Kila alama imewekwa saa yake, kwa njia inayofaa umri wake. Ya kuishi siku mbili ni wino, ya kuishi miaka kumi ni kalibu.

Kwa hiyo Jumatatu usianze na muuzaji wa leza. Anza na ile hosi moja yenye sehemu nne, na mpe mchonga kalibu kazi ya namba za mashimo wakati siku kumi zinahesabika. Hosi za mwezi uliopita mlizorudisha msizitupe zote. Kateni kipande kimoja kimoja, mvipime ugumu, mtazame kama vilivyopasuka ni laini kuliko wenzake, kwa sababu maandishi yaliyofutika yamewaficha tatizo la pili: bado hamjui kwa nini zilipasuka. Niandikie siku ya kumi na moja, uniambie selotepu imeondoka na nini katika kila sehemu, na unitumie nakala ya karatasi ya mchanganyiko wa ngozi ya nje.